Ghala limejaa, mtoto amedumaa: swali lililokosa somo

Mkoa wa Iringa unalisha mikoa mingine. Malori ya mahindi, viazi na mboga hushuka mlima Kitonga kila siku kuelekea Dar es Salaam, na bei ya unga mjini ikipanda, Nyanda za Juu Kusini ndiko wafanyabiashara wanakokimbilia. Hata hivyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Iringa walio chini ya miaka mitano, karibu 57 wamedumaa. Njombe na Rukwa zinafuata, kwa takriban nusu ya watoto. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Mikoa inayoongoza kwa udumavu, basi, ni ileile tunayoitaja tukihesabu maghala ya taifa.

Mpe takwimu hizo afisa kilimo, atakuonyesha tani za mavuno, na hatakuwa amesema uongo. Mganga atakwambia chanjo zimefika na zahanati ipo. Mchumi atakukumbusha kwamba kaya za Iringa na Njombe hazimo kwenye kundi la maskini zaidi nchini. Kila mmoja yuko sahihi kwenye eneo lake, na mtoto bado ni mfupi kuliko umri wake. Kisichokuwa na mwenyewe ni ile hatua fupi kati ya ghala na mdomo: nani anapika, anapika nini, mara ngapi kwa siku, kwa kuni zilizotoka wapi, akiwa amerudi shamba saa ngapi, na pesa ya mahindi yaliyouzwa imeingia mfuko wa nani.

Maswali hayo yana taaluma yake. Sisi tunaiita sayansi kimu, na wengi wakisikia jina hilo wanakumbuka aproni, keki na chumba cha wasichana upande wa nyuma wa shule. Nadhani hapo ndipo tulipokosea kama nchi. Tuliliachia somo hili mapishi, tukalinyang'anya hesabu, na sasa mtaala mpya wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, pamoja na mazuri yake mengi, uko njiani kummalizia mgonjwa.

Kwa mapana yake, sayansi kimu hushughulikia chakula na lishe, mavazi na nguo, makazi na uendeshaji wa nyumba, makuzi ya mtoto na maisha ya familia, pamoja na fedha za kaya na haki za mlaji. Ukiyasoma matawi hayo kwa haraka unaweza kudhani ni vitu vilivyotupwa kwenye droo moja ya kabati kwa kuwa havikupata pengine pa kukaa. Kinachoyaunganisha ni swali moja tu: kaya yenye kipato hiki, muda huu, nguvu hizi na watu hawa, itatoshelezaje mahitaji yake bila kumuumiza hata mmoja wao? Mpishi hodari anaweza asiwe na jibu la swali hilo. Fundi cherehani naye vivyo hivyo.

Walioianzisha hawakuwa wapishi. Ellen Swallow Richards alikuwa mkemia, mwanamke wa kwanza kupokelewa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, Marekani, mwaka 1870. Alisamehewa ada akadhani wamemhurumia kwa kuwa hana uwezo. Baadaye akajua kuwa uongozi ulitaka, ukiulizwa, uweze kusema kwamba yeye si mwanafunzi kamili. Mwaka 1887 maabara yake ilianza kupima maji ya jimbo zima la Massachusetts. Mwaka 1893, kwenye maonesho ya dunia ya Chicago, alisimamia jiko lililomuonyesha mteja ni kiasi gani cha protini, mafuta na wanga kilichomo kwenye sahani aliyoinunua. Septemba 1899 yeye na wenzake wachache walikutana Lake Placid, New York, katika mkutano wa kwanza wa mfululizo uliodumu hadi 1908, na humo taaluma ikapata mitaala, walimu na nafasi chuoni. Mwaka huohuo wa 1908 shirikisho lake la kimataifa liliundwa Fribourg, Uswisi.

Tusiipambe sana historia hiyo. Idara za sayansi kimu zilikuwa pia mahali pa kuwafichia wanawake wanasayansi ambao idara za kemia na biolojia hazikuwataka. Mwenye shahada ya kemia aliambiwa akafundishe kemia ya mkate. Ila wanawake hao, wakiwa humo walimosukumwa, waliifanya kazi ambayo wachumi wa kiume hawakuiona. Walianza kuipima nyumba.

Margaret Reid, aliyefundisha chuo cha Iowa State, aliweka mwaka 1934 kipimo ambacho hadi leo hakijapatiwa mbadala wa maana: kama kazi inayofanyika nyumbani ingeweza kufanywa na mtu mwingine kwa malipo, basi hiyo ni uzalishaji, hata kama leo anayeifanya halipwi. Kula hakumo, kwani hakuna anayeweza kukulia chakula chako. Kupika kumo. Kulala hakumo, kumbembeleza mtoto alale kumo. Kipimo ni chepesi kiasi kwamba anayekisoma hujiuliza kwa nini ilibidi kusubiri karne ya 20.

Jaribu kukileta Sinza au Nyamagana. Huyo mtu mwingine tunamfahamu kwa jina: dada wa kazi. Anaamka kabla ya adhana ya alfajiri, anawaandaa watoto wa shule, anafua, anapika, anadeki, anampokea mtoto wa chekechea mchana. Akiondoka bila kuaga, kama inavyotokea, nyumba ya watu wawili wenye shahada inasimama ndani ya siku moja. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimpangia anayelala kwa mwajiri wa kawaida kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Mtu atasema anakula na kulala bure. Sawa, lakini siku mama mwenye nyumba akifanya kazi hizohizo kwa mikono yake, hata hizo 60,000 zinatoweka kwenye hesabu ya taifa. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa hesabu za taifa unakubali kuhesabu mahindi uliyoyalima ukayala mwenyewe, unakubali hata maji yaliyobebwa kichwani kutoka kisimani. Kuyachemsha maji hayo, kuyapikia ugali na kumwogeshea mtoto, havimo. Maji yakivuka kizingiti yanaacha kuwa uchumi.

Mahali pengine ambapo sayansi kimu imeshikilia jengo bila kuandikwa ukutani ni mstari wa umaskini. Mollie Orshansky, aliyewahi kuwa mchumi wa kaya katika wizara ya kilimo ya Marekani kabla ya kuhamia idara ya hifadhi ya jamii, alichukua miaka ya 1960 mpango wa chakula cha bei nafuu ulioandaliwa na wataalamu wa sayansi kimu wa wizara hiyo, akaona kwamba familia zilikuwa zikitumia takriban theluthi ya kipato kwa chakula, akazidisha gharama ya chakula mara tatu. Hapo ukazaliwa mstari rasmi wa umaskini wa Marekani. Wetu umejengwa kwa njia yake tofauti, ila msingi ni uleule wa kikapu. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulianzia kwenye chakula cha kalori 2,200 kwa mtu mzima kwa siku, ukapata shilingi 33,748 kwa mwezi, kisha ukaongeza mahitaji mengine ya lazima hadi 49,320. Ulipotangaza kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara ni maskini, ulitangaza matokeo ya hesabu iliyoanzia jikoni.

Huku kwetu somo lilifika likiwa limeshanyolewa. Shule za misheni na za serikali ya kikoloni zilichukua ushonaji, kudarizi, kuoka skonzi na kupiga pasi kola, zikaacha maabara na hesabu kule kule. Lengo halikufichwa: makarani, walimu na makatekista wahitaji wake wanaojua kutandika meza. Kenya, Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanza 1952 chini ya mbawa za serikali ya kikoloni, kilianza na vilabu vya ushonaji, upishi na malezi vya namna hiyohiyo. Sisemi wanawake hawakufaidika. Cherehani imesomesha watoto wengi. Lakini mwanamke wa kijijini aliyekuwa tayari anaendesha shamba, ghala, mifugo na watu wanane alifundishwa kana kwamba hajawahi kuendesha kitu.

Baada ya uhuru palikuwa na nafasi ya kurekebisha, na kwa kiasi fulani ilitumika. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, sekondari ziligawanywa miaka ya 1970 katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakalisha watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza na kujadili vyoo, maji na malaria. Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975. Mwaka huo wa 1973 pia ilitungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Ukiangalia vizuri, sayansi kimu ilikuwa inafanya kazi nzuri kuliko wakati mwingine wowote, ila nje ya darasa lililobeba jina lake. Mchepuo wenyewe ulibaki wa wasichana, na mvulana aliyeutamani angechekwa hadi bwenini.

Kimea ni mfano ninaoupenda, na naomba msomaji avumilie maelezo. Mtoto wa miezi minane ana tumbo dogo. Uji ukiwa mzito hawezi kuumeza. Mama anaongeza maji, unakuwa mwepesi, mtoto anajaa haraka, lakini alichojaza ni maji. Ili apate nishati ya kutosha kwa uji wa namna hiyo angehitaji kula mara nyingi sana kwa siku, na mama msimu wa kilimo yuko shambani tangu asubuhi. Miaka ya 1980 watafiti wa lishe hapa nchini walichukua ujuzi ambao wapika pombe wa kienyeji wanao tangu enzi: loweka mtama au ulezi, uache uote, uanike, usage. Nafaka iliyoota ina kimeng'enya kinachovunja wanga. Pika uji mzito kama ugali laini, uache upoe kidogo, tia kijiko cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache unalegea na kunyweka, na unga wote umo ndani. Bakuli ni lilelile, chakula kimeongezeka, hakuna kilichonunuliwa.

Hiyo ndiyo sayansi kimu ninayoizungumzia. Ndani yake mna kemia, mna muda wa mama, mna tumbo la mtoto na mna bei, vyote kwenye hesabu moja. Mpango wa lishe wa Iringa ulioanza 1983 na kufika vijiji 168 ulikwenda kwa mtazamo huo: watoto walipimwa uzito kijijini, wanakijiji wakaulizana kwa nini huyu amepungua, wakatafuta cha kufanya kwa walichonacho, wakapima tena. Mkoa ni huohuo wa asilimia 57 za leo. Wakati ule mpango ulipunguza utapiamlo mkali, na wageni walikuja kujifunza. Mipango huja na wafadhili na huondoka nao. Somo la shule halina mfadhili wa kumuaga, na ndiyo sababu nalitetea darasa kuliko mradi.

Badala yake, leo kila duka linauza unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ngano, soya, karanga na lolote lililokuwa karibu na mashine. Wingi wa nafaka hauongezi lishe; nafaka tatu ni wanga mara tatu. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huleta sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, ambayo haifi kwa kupikwa. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, sumu hiyo kwenye mahindi ya nyumbani iliwafanya watu 317 waugue, wakafa 125. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara. Kuchambua punje zilizooza na zenye ukungu kabla ya kusaga hupunguza sehemu kubwa ya sumu. Bibi zetu walichambua kwenye ungo bila kusikia neno sumukuvu. Sisi tunapeleka gunia mashineni likiwa limefungwa.

Kwenye mavazi nitapita haraka. Mitumba imeshalimaliza hitaji la kushona nguo za nyumbani, na kilichobaki chenye faida kwa kila mtu ni kujua kitambaa, kusoma lebo na kurekebisha zipu. Makazi yangestahili makala yake.

Fedha za kaya ndizo zinazowaka moto. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila idhini. Mtaani mikopo ya aina hii, ya simu na ya mikononi, ina jina moja: kausha damu. Akopaye 100,000 na kurudisha 130,000 baada ya mwezi anaona 30,000 tu. Hakufundishwa kuzidisha mara 12, wala kuuliza ada ya kuchelewa inakatwa juu ya nini. Alifundishwa riba shuleni kwa mfano wa mfanyabiashara aliyeweka pesa benki, mtu ambaye hajawahi kukutana naye.

Nishati ni hivyohivyo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi inagawiwa, picha zinapigwa. Lakini kaya inayonunua mkaa kwa kopo kila jioni hufanya hivyo kwa sababu pesa yenyewe huingia kila jioni. Kwa mwezi inaweza kuwa inalipa zaidi ya mwenye gesi. Isichoweza ni kuwa na pesa ya kujaza mtungi kwa mkupuo. Ndiyo maana mitungi mingi ya msaada inakaa uvunguni. Anayeijua kaya angeuliza kwanza pesa inaingiaje, ndipo afikirie mtungi. Gesi ya kulipia kadri unavyotumia ilibuniwa na watu waliouliza hivyo.

Na sasa tuna amali. Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali sekondari, na wanafunzi wa kwanza waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Humo mna fani kama uzalishaji wa chakula, na ubunifu na ushonaji wa nguo. Nafurahi. Kijana akimaliza akaajiriwa hotelini Arusha au akafungua duka la kushona Kahama, mtaala umefanya kazi yake. Lakini tazama kilichotendeka: upishi umekwenda kwenye ukarimu, nguo zimekwenda kwenye ufundi, lishe imebaki kwenye masomo ya sayansi, fedha ziko kwenye masomo ya biashara. Kila kipande kimepata ajira isipokuwa kaya. Tutamfundisha mwanafunzi kupikia wageni 60 kwa kipimo, na hakuna atakayemuuliza nyumbani kwao wanakula mara ngapi. Hata awali, tulipolitia Sayansi Kimu ndani ya Stadi za Kazi shule za msingi, tulilipunguza hadi kufua na kufagia.

Kenya walibakiza kitu kimoja ninachokionea wivu. Mtihani wao wa sekondari wa sayansi ya nyumbani, namba 441, una karatasi tatu, na ile ya vitendo ya chakula humpa mtahiniwa muda wa kupanga kabla hajagusa sufuria. Anaandika mapishi, orodha ya vyakula na vyombo, na mpangilio wa kazi kwa saa: kipi kinaanza, kipi kinasubiri, jiko likiwa na shughuli mikono inafanya nini. Wengi huidharau karatasi ile ya mipango. Ukiniuliza mimi, alama zote zingekuwa pale, na chakula kingeliwa tu na wasimamizi. Hata hivyo nako somo hubaki la wachache wanaolichagua, wengi wao wasichana, na kwenye madarasa ya chini mageuzi ya karibuni yamelikunja ndani ya Kilimo na Lishe.

Japani walifanya vingine. Baada ya kuridhia mwaka 1985 mkataba wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, walilazimika kukiri kwamba kuwafundisha wasichana peke yao kazi za nyumbani ni ubaguzi. Mwaka 1994 somo likawa la lazima kwa wavulana na wasichana wote wa sekondari ya juu, na tangu 2022 humo humo wanafundishwa akiba, bima na uwekezaji. Finland nako kila mwanafunzi wa darasa la saba, mvulana kwa msichana, analisoma. Hawakufanya hivyo ili wavulana wajue kukaanga yai, ingawa vijana wetu wa mageto wanaoishi kwa chipsi mayai wangeshukuru. Walifanya hivyo kwa sababu anayeshika pesa ya nyumba na anayeshika mwiko wakiwa hawajasoma hesabu moja, kila mpango wa lishe unaishia kumlaumu mwenye mwiko. Kule Iringa elimu ya lishe kwa kawaida humlenga mama. Aliyeuza magunia yuko mnadani.

Wanafunzi hao wa kwanza wa amali watafika kidato cha nne mwaka 2027. Muda wa kuandika mtihani upo, na swali naweza kulitoa mimi bila malipo, liwe la lazima kwa kila mtahiniwa, wa amali na wa jumla:

Kaya ya watu sita imevuna magunia 20 ya mahindi mwezi Juni. Baba anataka kuuza 14 sasa ili alipe mkopo. Mama analima hadi saa tisa alasiri. Mtoto mdogo ana miezi tisa. Kisima kiko mwendo wa dakika 40. Panga chakula, kazi, maji, deni na ghala hadi mavuno yajayo, ukionyesha nani anafanya nini, saa ngapi, na kwa gharama gani. Mtahiniwa atakayempa mama kazi zote asipewe alama yoyote.